Muuzaji wa dawa anasema pumu ya mwanangu ni "kutu ya mapafu". Kuna ukweli hapa?

#1 MamaTunu (Mbagala)

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu ana miaka 8, pumu ilimwanza akiwa na mitatu. Ana pampu mbili: ya bluu ya kumwokoa akibanwa, na ya kahawia ya beklomethasoni anayovuta asubuhi na jioni hata akiwa mzima. Jumanne nilikwenda duka la dawa kuchukua ya kahawia. Kijana aliyekuwepo akanivutia stuli, akanieleza kwa upole kabisa kwamba pumu siyo ugonjwa wa kubanwa, ni kutu. Eti oksijeni hii hii tunayovuta inaunguza mapafu kwa ndani, kama mabati ya Kigamboni yanavyoliwa na upepo wa bahari. Dawa yake ni antioksidanti, yaani vizuia kutu. Akaweka mezani chupa ya vidonge 60, shilingi 85,000. Nikimaliza chupa tatu, ile ya kahawia niachane nayo, maana "inamzoesha mtoto".

Sikununua. Ila usingizi sikupata. Sikumwona kama tapeli. Alikuwa anaamini anachosema, na nilipopekua mtandaoni usiku ule nikakuta mengi aliyoyataja yapo. Miaka mitano ya kliniki hakuna aliyewahi kunitajia habari ya kutu. Naomba kueleweshwa, na atakayejibu ajue mtoto amelala chumba cha pili na mimi hapa nasikiliza anavyopumua.

#2 Kaa_la_Moto

Pole mama. Nimekaa hapa nasubiri wajuvi.

#3 Kipimo_Kidogo

Mama Tunu pole sana. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari wa kifua, nitasema nilichokiona kwa darubini.

Chukua kohozi la mtu wa pumu aliyetoka kubanwa, lipake kwenye kioo, litie rangi. Utaona chembe nyeupe za damu zimejaa punje za rangi ya chungwa lililoiva, zimebanana kama mbegu ndani ya komamanga. Hizo ni eosinofili. Mara nyingine utaona pia fuwele nyembamba zenye ncha pande zote mbili, zinang'aa. Charcot wa Ufaransa alizieleza mwaka 1853, Leyden wa Ujerumani akazikuta kwenye makohozi ya wagonjwa wa pumu mwaka 1872, na mpaka leo zinaitwa kwa majina yao. Ni protini ya eosinofili zilizopasuka na kumwaga vilivyomo.

Na humo kwenye kumwaga ndimo ilimo hiyo kutu ya kijana wako. Eosinofili ni askari. Anachukua oksijeni, anaipachika elektroni moja ya ziada, inakuwa superoksaidi. Hiyo inageuka haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Kisha kuna kimeng'enya kinachoichanganya peroksaidi na bromaidi ya mwilini, inatoka kemikali kali. Askari wa aina nyingine, nutrofili, yeye anatumia kloraidi, ile ya kwenye chumvi, anatengeneza asidi ya haipoklorasi. Hiyo ndiyo inayoua vijidudu ndani ya Jik. Sasa piga picha ngozi laini ya ndani ya mirija ya hewa inamwagiwa Jik na askari wako mwenyewe. Inachubuka, mishipa ya fahamu inabaki wazi, misuli inayozunguka mirija inajikaza, ute unazidi, na seli zilizochubuka zinapiga yowe kuita askari zaidi.

Mwili una kinga yake. Unyevunyevu unaofunika mapafu una glutathioni nyingi, na kuna vimeng'enya kama superoksaidi dismutasi vya kuzima huo moto. Kwa wenye pumu dismutasi hupatikana imepungua nguvu, na ile peroksaidi hupimika hata kwenye mvuke wa pumzi zao.

Kwa hiyo kijana hakutunga. Ila ameruka ngazi. Kutu kuwepo ni jambo moja. Vidonge vyake kuiondoa ni jambo lingine. Na kuacha ya kahawia ni jambo la tatu, hilo linaua.

#4 Mzee_wa_Kahawa

Kipimo umeshusha nondo mpaka kahawa yangu imepoa. Swali la mzee: askari hawatoki kambini bila adui. Adui ni nani kwenye kifua cha mtoto wa miaka 8?

#5 Pilipili_Manga (Tanga)

Moshi, mzee wangu. Adui ni moshi.

Nimepikia watu miaka 19 kwenye banda la mabati, kuni kwanza, mkaa baadaye. Sikuwa na pumu utotoni wala ukoo wetu hauna. Nilipofika miaka 34 nikaanza kuamka usiku kifua kinapiga mluzi. Jiko linawashwa na nailoni na mafuta ya taa, mlango mmoja, dirisha hamna, na wewe umeinama juu ya sufuria ya maharage saa tatu nzima. Makohozi ya asubuhi yalikuwa na rangi ya masizi. Mwaka niliohamia gesi, pampu ya bluu niliyokuwa namaliza kwa mwezi ikaanza kunifikisha miezi minne. Hilo hakuna wa kunibishia, nimelipima kwa kifua changu.

Serikali yenyewe imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa. Isingekuwa moshi hatari wangejisumbua?

#6 Fundi_Mvule (Keko)

Dada Pilipili nakuunga mkono nusu. Kwangu ni vumbi. Mninga nilikuwa naupasua sikohoi, mvule ukipita kwenye randa ya umeme macho yanawasha, jioni kifua kimefunga. Nikiwa likizo kijijini wiki mbili nakuwa mzima kabisa. Nikirudi kiwandani siku ya tatu tu, imerudi. Kijijini tunapikia kuni kila siku na sikohoi.

#7 Wa_Limuru

Hamjambo nyote. Huku kwetu baridi ndiyo mwenyewe. Julai ukiamka alfajiri kukamua ng'ombe, hewa inaingia kifuani kama maji ya barafu, na kabla hujafika kwa zizi unapiga mluzi. Hakuna moshi, hakuna mvule. Daktari wangu alinieleza kwamba mirija ikishavimba kila kitu kinaiudhi: baridi, kicheko, mbio, manukato. Kwa hivyo nauliza, tunachanganya kinacholeta pumu na kinachoiamsha? Fundi, Pilipili, mnaongea mambo mawili tofauti.

#8 Kipimo_Kidogo

Wa Limuru hapo umegonga msumari. Kuna kiwashi na kuna kuni. Nami naongeza maadui wa Pwani mliowasahau: utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro na mito kwenye joto na unyevu, pamoja na mende. Kinyesi na magamba ya mende ni miongoni mwa vitu vikubwa vinavyoleta mzio wa pumu kwa watoto wa mijini. Nyumba inaweza isiwe na moshi hata chembe na mtoto akabanwa kila usiku kwa sababu ya godoro.

#9 Msafiri_Thamesi (London)

Salaam kutoka kwenye ukungu. Habari ya moshi ilipimwa hapa kwa njia ambayo hata mtoto angeielewa. Watu wazima 60 wenye pumu walitembezwa saa mbili Oxford Street, mtaa ambao wakati ule yaliruhusiwa mabasi na teksi tu, karibu zote za dizeli. Siku nyingine wakatembezwa saa mbili ndani ya Hyde Park, ni karibu tu hapo. Watu wale wale, mwendo ule ule. Baada ya Oxford Street nguvu ya mapafu ilishuka zaidi, na kwenye makohozi yao ikapanda mieloperoksidasi. Matokeo yalitoka mwaka 2007.

Kipimo, hiyo mieloperoksidasi si ndicho kile kimeng'enya chako cha Jik?

#10 Kipimo_Kidogo

Ndicho chenyewe, cha nutrofili. Chembe za dizeli hubeba chuma na shaba, na chuma kikikutana na peroksaidi hutoa kemikali kali kuliko zote nilizotaja. Kwa hiyo moshi unakuja na kutu yake, halafu unawaita askari waje na ya kwao. Ahsante Msafiri.

#11 MamaTunu

Nawashukuru wote, nasoma kila neno. Niongeze jambo ambalo sikulisema mwanzo. Tunu huamka akibanwa karibu muda uleule, saa kumi alfajiri. Na jirani yangu, chini ya dirisha letu kabisa, huwasha mkaa saa tisa na nusu kwa ajili ya vitumbua vya kuuza. Anauwashia nailoni. Sijawahi kuyaunganisha haya mpaka nimemsoma dada Pilipili.

#12 Pilipili_Manga

Umeona sasa? Kesi imekwisha.

#13 Mwanafunzi_wa_Nne

Haijakwisha dada, samahani. Saa kumi alfajiri ndiyo saa mbaya kwa wagonjwa wengi wa pumu duniani, hata wasio na jirani wa vitumbua. Usiku homoni ya kotisoli mwilini hushuka, mirija nayo hujibana kidogo kwa kila binadamu. Kwa mwenye pumu huko kujibana ndiko kunamwamsha. Inawezekana moshi wa jirani na saa ya mwili vimekutana tu.

Turudi kwenye swali la vidonge, maana ndilo aliloulizia mama. Nimelisoma kwa ajili ya mada ya darasani. Kuna majaribio matatu ya kukumbuka. Mexico City, ambako hewa ina ozoni nyingi, watoto 158 wenye pumu waligawanywa: wengine wakapewa vitamini C na E kila siku, wengine vidonge vitupu. Kwa watoto wenye pumu ya wastani na kali, vitamini zilipunguza madhara ya ozoni kwenye mapafu. Iliandikwa 2002, na miaka miwili baadaye wakaona walionufaika hasa ni wale waliozaliwa bila jini liitwalo GSTM1, ambalo ni sehemu ya kinga ile ya glutathioni. Uingereza wao walijaribu vitamini C kwa watu wazima, wakajaribu na E, pumu haikubadilika. Australia wakaja kivingine: wakawapa watu chakula. Kundi moja likala mboga vipimo vitano na matunda mawili kwa siku, lingine likapunguziwa hayo, siku 14 tu. Waliopunguziwa mapafu yalishuka. Waliokuja kuongezewa vidonge vya laikopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, hawakupata nafuu yoyote.

Kwa hiyo mchicha ndiyo, kidonge hapana.

#14 Kaa_la_Moto

Jini GSTM1? Kwetu jini ukilitaja hivyo usiku watu wanatafuta ubani.

#15 Mwanafunzi_wa_Nne

Haha mkuu, jini la kurithi, la vinasaba. Hilo halifukizwi.

#16 Bin_Seif (Muscat)

Mmetaja ubani nami nipo. Huku Oman, kama Unguja kwa bibi zangu, nyumba bila udi na ubani haijakaribisha mgeni. Walipochunguza watoto wa shule hapa, wenye pumu wanne hivi kati ya kila kumi walibanwa zaidi chetezo kikipita, lakini nyumba zinazofukiza hazikuwa na watoto wa pumu wengi kuliko zisizofukiza. Ni lile lile la ndugu wa Limuru: kinaamsha, hakileti. Mke wangu ana pumu. Chetezo tunakiweka barazani, nguo zinafukiziwa huko huko, yeye anaingia baadaye. Harufu anaipata, moshi haupati.

Na mama zetu watanidai nisipoitaja habasoda. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha nafuu kidogo kwa waliokunywa mafuta yake wakiendelea na dawa zao. Wakiendelea, narudia.

#17 Kaa_la_Moto

Swali dogo la pembeni. Glutathioni si ndiyo ile ya kwenye sindano za kujichubua ngozi? Maana mtaani kwetu kuna akina dada wangekuwa hawajui kukohoa.

#18 Kipimo_Kidogo

Ndiyo yenyewe. Wala usimwambie mtu ajaribu kuivuta kifuani. Ilijaribiwa mwaka 1997 kwa wagonjwa wa pumu nyepesi kwa kuwavutisha kama mvuke, mirija ikabana. Kitu kuwa pungufu mwilini hakumaanishi ukikimwaga kutoka nje kitafika kwenye nafasi yake.

#19 Chumvi_Chumvi

Mnazunguka. Nataka kuwapa mhalifu ambaye kila nyumba inaye kwenye droo: panado. Parasetamoli ikivunjwavunjwa mwilini inakula glutathioni. Akinywa nyingi kupita kiasi glutathioni ya ini inakwisha, ndiyo maana hospitali wanampa asetilisisteini kuirudisha. Sasa mtoto wa Afrika anapewa panado kwa kila homa tangu wiki ya kwanza. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa nchi 31, watoto zaidi ya 200,000 wa miaka 6 na 7: waliopewa parasetamoli kwa homa katika mwaka wa kwanza wa maisha walikuwa na dalili za pumu zaidi. Kinga inapunguzwa na mama mwenyewe kwa kijiko, bila kujua.

#20 MamaTunu

Chumvi, umenichoma. Nilimpa sana. Alikuwa mtoto wa homa.

#21 Mwanafunzi_wa_Nne

Mama usijilaumu, tafadhali. Chumvi ameleta nusu. "Alikuwa mtoto wa homa," umesema mwenyewe. Watoto wanaougua sana vifua utotoni ndio wanaopata pumu baadaye, na ndio hao hao wanaopewa panado. Nani katangulia? Marekani waliwachukua watoto 300 wenye pumu nyepesi, umri wa mwaka 1 hadi 5, nusu wakapewa parasetamoli wakipata homa, nusu ibuprofeni. Mwaka 2016 wakatoa majibu: kubanwa hakukutofautiana.

Na ibuprofeni yenyewe, pamoja na aspirini na diklofenaki, kuna wenye pumu zinaowabana vibaya. Asitoke mtu hapa akabadilisha panado kwa diklofenaki kwa sababu ya uzi huu.

#22 Chumvi_Chumvi

Jaribio hilo lilihusu watoto ambao tayari wana pumu. Halikujibu kama panado ya uchangani ndiyo iliyoileta. Nimesimama palepale. Ila Mama Tunu samahani, sikukusudia kukuumiza.

#23 Mzee_wa_Kahawa

Mimi nina jambo. Utotoni kwetu Mpwapwa hatukuwa na watoto wa pumu. Tulikuwa na kuni, vumbi, mbuzi ndani ya nyumba, na minyoo tele. Wajukuu wangu Dar wamezaliwa kwenye vigae, wanapewa dawa ya minyoo kila miezi sita, na wawili kati ya watano wana pampu. Nielezeni.

#24 Kipimo_Kidogo

Mzee, hapo umegusa jambo ambalo hunikosesha raha. Kumbuka zile fuwele za kwenye makohozi. Unajua wapi kwingine naziona? Kwenye choo cha mtu mwenye minyoo. Fuwele zile zile, eosinofili wale wale. Wanafikiri wengi kwamba askari huyu aliumbwa kwa ajili ya minyoo. Jimma, Ethiopia, walikuta mwaka 2001 kwamba wenye safura, wale minyoo wa kunyonya damu, walipiga mluzi kifuani mara chache kuliko wasio nayo. Lakini Nottingham waliwaambukiza safura kwa makusudi wagonjwa wa pumu wa kujitolea, pumu haikupata nafuu ya maana. Dawa ya minyoo wape wajukuu mzee, safura inakausha damu ya mtoto.

Huko Marekani jamii mbili za wakulima wenye asili moja ya Ulaya zililinganishwa mwaka 2016. Waamishi, wanaolima kwa farasi na watoto wao wanashinda mazizini karibu na nyumba, pumu kwao ni kama mtoto 1 kati ya 20. Wahutari, wenye mashamba makubwa ya mashine mbali na watoto, ni kama 1 kati ya 5. Vumbi la nyumba za Waamishi liliwakinga hata panya wa maabara.

#25 Fundi_Mvule

Kwa hiyo kuna vumbi linaloua na vumbi linaloponya. Tutajuaje lipi ni lipi?

#26 Wa_Limuru

Fundi, nami nimelala na ng'ombe ukuta kwa ukuta tangu nizaliwe na pumu ninayo. Niandikeni kwenye safu ya wasiokubali.

#27 Salma_wa_Sinza

Sijawahi kuandika humu, husoma tu. Nimeona neno "inamzoesha mtoto" nikashindwa kunyamaza.

Mdogo wangu aliambiwa maneno hayo hayo na mtu aliyevaa koti jeupe. Akaacha ya kahawia, akabaki na ya bluu, kwa sababu ya bluu anaiona inafanya kazi: anavuta, dakika tano kifua kimefunguka. Alikuwa na tatu, moja kwenye pochi, moja kitandani, moja ofisini. Mara kumi kwa siku, kumi na tano. Tulidhani amejiweza. Usiku wa mwisho alikuwa anaongea neno moja moja, halafu akaacha kuongea, na ile filimbi ya kifua ikanyamaza. Mama alisema amepata nafuu, tumwache alale. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kifua cha pumu kikinyamaza ghafla, hewa haipiti kabisa. Alikuwa na miaka 27.

Ya bluu inalegeza misuli tu. Huo moto wa Kipimo hauugusi.

#28 Pilipili_Manga

Salma. Mungu amrehemu. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

#29 Kipimo_Kidogo

Pole sana dada Salma. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, hautaki tena mtu mzima wala kijana atibiwe kwa ya bluu peke yake. Ulichokiandika ndicho sababu.

#30 Mwanafunzi_wa_Nne

Nimekaa kidogo kabla ya kuandika. Pole dada.

Kuna sehemu ya kutu ambayo muuzaji hakuisema, na ndiyo inayonifanya nisimdharau. Steroidi ya pampu ya kahawia inafanya kazi ndani ya kiini cha seli. Vinasaba vya uvimbe vimefunguliwa kama daftari. Steroidi humtuma mfanyakazi mmoja, HDAC2, akafunge kurasa. Profesa Peter Barnes wa Imperial College London na wenzake walionyesha kwamba kutu ile ile, hasa kwa wenye pumu wanaovuta sigara na wenye pumu kali, humvunja mikono HDAC2. Dawa inafika, mfanyakazi hayupo. Mtu anaambiwa "dawa imekuzoea," kumbe moshi umemharibia kiungo dawa inachokitegemea.

Walitumaini theofilini kidogo, dawa ya zamani ya pumu, ingemrudisha. Kwenye seli za maabara ilifanya hivyo. Kwa wagonjwa zaidi ya 1,500 wa ugonjwa wa mapafu wa wavuta sigara, Uingereza, 2018, haikusaidia. Mpaka leo antioksidanti ya kumnusuru haijaingia kwenye matibabu ya kawaida.

#31 Kaa_la_Moto

Kwa hiyo kutu inaweza kuizuia pampu isifanye kazi, na dawa ya kutu haipo. Hapa namwelewa kijana wa duka, mtu angetamani iwepo.

#32 Bin_Seif

Mama Tunu, kabla hatujapotelea mbali. Binti anavuta pampu moja kwa moja mdomoni?

#33 MamaTunu

Ndiyo. Mara nyingine naona moshi wa dawa unatoka puani na mdomoni. Spesa, ile chupa ya kuunganisha pampu na mdomo, niliambiwa ninunue, bei ikanishinda mwezi ule.

#34 Bin_Seif

Basi nusu ya shida inaweza kuwa hapo. Dawa inagonga koo, inamezwa, kifuani inafika chache. Afrika Kusini, mwaka 1999, walithibitisha kwa watoto kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ukiifunga vizuri kwenye pampu, inafanya kazi sawa na spesa ya dukani. Mimi nilimtengenezea mpwa wangu Bububu, nakueleza nilivyofanya.

Tafuta chupa ya maji ya nusu lita. Chukua waya mnene, ukunje umbo la mdomo wa pampu, upashe moto kwenye jiko hadi uwe mwekundu. Uchome chini kwenye kitako cha chupa, plastiki inayeyuka kwa umbo lile lile. Ingiza mdomo wa pampu wakati tundu bado lina joto, ikae kama imezaliwa humo. Hewa ikivuja zungushia plasta. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, maana ukiisugua plastiki inapata umeme na dawa inanata kwenye kuta. Mtoto afunge midomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, apumue polepole ndani na nje mara tano au sita. Ndipo ubonyeze tena. Akimaliza ya kahawia asukutue na kutema, asipate fangasi ya mdomo.

#35 Kipimo_Kidogo

Nakazia, na hili linakiliwe na kila mzazi: akibanwa sana, ya bluu mipulizo 4 hadi 10 kupitia chupa hiyo, mmoja mmoja, na unaweza kurudia kila dakika 20 mkiwa njiani kwenda hospitali. Njiani, siyo nyumbani. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, au kifua kikinyamaza kama alivyosema Salma, hakuna kusubiri asubuhi.

#36 Wa_Limuru

Na jirani wa vitumbua?

#37 MamaTunu

Nilimwendea. Niliogopa angeona namwonea wivu biashara. Akasikiliza, akasema "kumbe mtoto ni huyu ninayemsikia akikohoa, mimi nikadhani mafua," akahamisha jiko upande wa pili wa ukuta siku hiyo hiyo. Sasa anawashia vipande vya mbao badala ya nailoni.

#38 Pilipili_Manga

Mbao nazo zina moshi, mwambie afike gesi.

#39 Mwanafunzi_wa_Nne

Gesi nayo hutoa naitrojeni dioksaidi, na watoto wa pumu kwenye nyumba za gesi zisizopitisha hewa hukohoa zaidi. Ni bora kuliko mkaa, lakini dirisha libaki wazi.

#40 Pilipili_Manga

Wewe mtoto utaturudisha kula vyakula vibichi.

#41 MamaTunu

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Nimeandika kwenye daftari.

Chupa ya Bin Seif ilitoka sawasawa mara ya pili, ya kwanza niliichoma ikapinda. Ya kahawia hajaruka hata siku moja. Godoro nimeliweka juani, mito ya sufi nimeitoa. Jiko la jirani limehama. Usiku sita mfululizo amelala mpaka asubuhi, na mimi nimelala, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Usiku wa saba, saa kumi kasorobo, mluzi. Mipulizo minne kwenye chupa, akatulia.

Ila usiku huo jirani hakuwasha jiko kabisa. Alikuwa amesafiri msibani Lindi.

#42 Mzee_wa_Kahawa

Kwa hiyo vitumbua vimeachiwa huru?

#43 Pilipili_Manga

Havijaachiwa. Usiku sita wa kwanza vimepumzishwa na nini?

#44 Bin_Seif

Na chupa.

#45 Chumvi_Chumvi

Na sufi. Mama, wiki hiyo alipewa panado?

#46 Kipimo_Kidogo

Mafua je? Kwa watoto virusi vya mafua ndivyo vinavyoamsha pumu kuliko kitu kingine chochote.

#47 MamaTunu

Kamasi kidogo tangu Jumapili. Na Jumatatu nilimpa panado, nusu kidonge. Kliniki ni Alhamisi, daftari naenda nalo.